Kuuza Vocha Kabla ya Kukabidhi Kitu

Bismillahi Rahmani Rahim.

Imetujia barua kutoka kwa ndugu zetu watu wa pwani wakaao Meru na Embu, wengine wana maduka huko na wengine wameandikwa kazi. Barua ina masuala mawili, nasi tumeona kuyajibu hapa kuliko kumjibu mwandishi peke yake, kwani jambo hili limeenea hata katika miji yetu, na watu hulifanya bila ya kuuliza.

Suala la kwanza ni la kijana aliyepewa zawadi na tajiri wake, nayo ni vocha ya duka moja la Nairobi, apewe kwayo miwani ya jua ya wapandao milima. Kijana huyu hapandi Mlima Kenya. Huutazama tu asubuhi mawingu yakiondoka. Akataka kuiuza. Mwenzake ampa shilingi 3,000 kwa miwani ya shilingi 5,000, na huyo mwenzake amekwisha kupata mtu wa kumwuzia vocha hiyo hiyo kwa 4,000. Je, yafaa?

Wako watakaosema: masheikh wamekosa la kusema, wameacha mambo makubwa wazungumza miwani. Na wajue kuwa Masahaba walimwendea liwali wa Madina kwa jambo mfano wa hili.

Khabari yenyewe imo katika Muwatta wa Imamu Malik. Jar ilikuwa bandari ya watu wa Madina katika Bahari ya Sham, na hapo ndipo nafaka ya Misri ilipokuwa ikishushwa. Zama za Marwan bin Hakam watu walipewa hati za chakula kilichoko Jar, kila mtu na fungu lake. Wakaanza kuuziana hati, huyu akanunua kwa yule na kumwuzia mwingine, na chakula kiko pale pale Jar, hakuna aliyekipima. Zaid bin Thabit r.a. na Sahaba mwingine wakaenda kwa Marwan wakamwuliza kama ameihalalisha riba. Marwan akajilinda kwa Mwenyezi Mungu na neno hilo, na alipofahamishwa akatuma askari wake wakazitoa hati mikononi mwa watu na kuzirudisha kwa wenyewe. Na katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Abu Huraira r.a. naye alimkabili Marwan kwa jambo hili hili, akamkumbusha kuwa Mtume s.a.w. amekataza chakula kuuzwa mpaka kitimizwe kukabidhiwa.

Imamu Malik aliona katazo hili ni la chakula. Imamu Shafi, ambaye sisi watu wa pwani twafuata madhehebu yake, aliona ni la kila kitu kilichonunuliwa, kwa alivyosema Ibn Abbas r.a. kuwa adhani kila kitu ni mfano wa chakula. Lakini Imamu Nawawi alipoisherehesha hadithi hii alipambanua jambo ambalo wengi hawalijui. Mwenye kupewa hati kwa jina lake hakununua kitu. Amepewa, na milki yake imethibiti. Kwa kauli iliyo sahihi zaidi, huyo aweza kuuza. Aliyekatazwa ni yule aliyenunua kwake, kisha akauza tena kabla ya kukabidhi.

Basi kijana na aiuze vocha yake, maadamu imeandikwa miwani na miwani yenyewe yajulikana sifa zake. Mwenzake ndiye aliyefungika: na aende dukani aitwae miwani, akiishaishika mkononi auze kwa bei aitakayo. Ama vocha iliyoandikwa shilingi, na duka likawa tayari kuibadili kwa fedha, hiyo ni fedha. Kuinunua kwa pungufu ni riba isiyo na shaka. Na ikiwa imeandikwa shilingi lakini duka halitoi ila bidhaa, wanavyuoni wa leo wamekhitalifiana, nasi twaona salama ni kuchukua bidhaa kwanza.

Hekima yake si ngumu kuiona. Mtume s.a.w. amekataza faida ya kitu ambacho hasara yake haiko juu yako. Katika nchi yetu lilikuwapo duka la Nakumatt, lenye matawi mpaka nje ya Kenya, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura livunjwe. Vocha ya duka kama hilo ikiwa imepita mikono minne, hasara itamkalia nani? Watatu wamekula faida na wa nne ameshika karatasi.

Suala la pili limetusikitisha zaidi. Mwaka 2022 Serikali iliwapa wakulima mbolea ya nafuu, gunia la kilo 50 kwa shilingi 3,500, na mwaka 2023 ikashushwa kuwa 2,500, hali sokoni gunia lilikuwa limepita 6,000 mwaka ule wa 2022. Mkulima aliyeandikishwa huletewa namba katika simu yake, akaenda nayo ghala ya Bodi ya Nafaka. Mwenye duka auliza: nikimpa mkulima shilingi 500 anipe namba yake, nikalipa mimi ghalani na kuuza dukani kwangu, kuna ubaya gani, naye mwenyewe amenijia kwa shida ya karo?

Upo ubaya. Hii si hati ya Jar. Mkulima hakupewa mbolea. Amepewa ruhusa ya kuinunua kwa ajili ya shamba lake, na ruhusa si mali ya kuuzwa. Nawe wasimama ghalani kwa jina lisilo lako. Ukiwa wamhurumia kweli, mkopeshe hizo 2,500 mpaka avune, bila ya ziada. Twawajua watu wenye kuwahi safu ya mbele kila Ijumaa, na magunia haya yamo stoo zao.

Na aliyekwisha kununua namba na mbolea ameiuza, na akumbuke Marwan alirudisha hati kwa wenyewe. Arudishe faida kwa wakulima wale. Namba zao zingali katika simu yake.

Wallahu aalam.