Umri na Kiapo



Nilizaliwa nyumbani, kijijini kwetu Uganda, Ramadhani ya mwaka alioanguka Amin, 1979. Hakuna aliyeandika. Mwishoni mwa 2005, nikiwa chuoni, niliomba ufadhili wenye kikomo cha miaka 25. Nilikuwa na 26.

"Nenda kwa wakili, ule kiapo, upunguze mwaka," rafiki akanishauri. "Hata Mtume (s.a.w.) alizaliwa Mwaka wa Tembo. Tarehe ilikuwapo?"

Hoja ilinigusa. Lakini kutojua siku si uongo. Uongo ni kuapia mwaka ambao mama anajua sio. Inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) aliletewa hati ya deni iliyotaja Shaabani tu. Akauliza: Shaabani ipi? Ndipo ikawekwa kalenda ya Hijra. Tarehe hulinda haki ya mtu. Na nafasi ile ilikuwa haki ya aliye mdogo kuliko mimi.

Niliiacha, na iliniuma. Cheti changu kinasema 1 Januari 1979: siku ya kukisia, mwaka wa kweli. Chako je, ndugu yangu, kinasemaje?