Maji Ukiyavulia Nguo

Triathloni ya masafa marefu ni kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia marathoni nzima, yote kwa siku moja. Mvua ikinyesha, muogeleaji hajali, ameshalowa. Taabu huanzia kwenye baiskeli. Mistari ya rangi barabarani huteleza, breki huchelewa kushika, na upepo ukipiga nguo mbichi hunyang'anya mwili joto hadi vidole vishindwe kubadili gia. Kwenye mbio za miguu, soksi zilizolowa huleta malengelenge.

Wengi hudhani mvua humnyeshea kila mtu sawa. Si kweli. Bingwa wa kulipwa humaliza kwa muda wa saa 8 hivi, akajikausha. Karani au mwalimu aliyefanya mazoezi alfajiri kabla ya kwenda kazini bado yuko barabarani. Mashindano mengi ya aina hii humpa hadi saa 17. Yeye ndiye anayenyeshewa zaidi, na hana zawadi ya fedha inayomngoja.

Hawezi kuyaamuru mawingu. Yaliyo mikononi mwake ni machache: kutoa upepo kidogo kwenye matairi kabla ya kuanza, kushika breki mapema, kula hata bila hamu, kuvaa koti hata likimgharimu dakika kadhaa.

Wahenga walishasema: maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Leo acha kuhesabu matone. Chagua dogo lililo ndani ya uwezo wako, ulifanye vizuri.