Mbwa, Jirani na Haki ya Njia



Mwenye kwenda msikitini kabla ya alfajiri katika mitaa ya Mombasa huenda akakuta mbwa walioachwa wazi. Huyu hurudi nyumbani kwa hofu, yule huokota jiwe. Kukicha ni maneno, kisha uadui baina ya majirani. Yatupasa tulitazame jambo hili kwa elimu, si kwa hasira.

Kwanza, mbwa ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu. Suratul-Kahf imemtaja mbwa wa Watu wa Pangoni, na Mtume wetu (S.A.W.) ametueleza habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Basi ampigaye mawe mbwa asiyemdhuru, atajitetea kwa dini gani?

Pili, katika madhehebu ya Imam Shafii, chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Lakini akikugusa naye ni mkavu na nguo yako ni kavu, hukunajisika; nenda ukasali. Ni wangapi wameikosa sala ya jamaa kwa kutoijua mas-ala hii!

Tatu, ewe mwenye mbwa! Sharia imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanavyuoni wetu wengi wamemkisia nao mbwa wa kulinda nyumba. Lakini ruhusa ya kulinda nyumba si ruhusa ya kuimiliki njia. Njia ni ya mtoto aendaye chuoni, ya mzee, na ya asiyekuwa wa dini yako. Mtume (S.A.W.) ameamrisha njia ipewe haki yake, na katika haki hiyo ni kuzuia maudhi. Tena kichaa cha mbwa, dalili zake zikishadhihiri, ni nadra mno mtu kupona. Basi mfunge mbwa wako, mchanje, na uchafu wake uondoshe. Na aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Na jirani mwenye mbwa akiwa si Muislamu, mwendeeni mlangoni kwa maneno mema kabla ya kwenda kumshitaki. Haki ya ujirani haikuwekewa sharti ya dini.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu ambao majirani zao wamesalimika na shari yao. Amin.