Nani kakusimulia? Kompyuta na amana ya mtafiti

Vijana wetu walioko vyuo vikuu wamepata chombo kipya. Mtu anachukua vitabu 50, anavitia kwenye programu ya kompyuta, na kabla chai haijapoa anapata picha ya nukta kubwa na ndogo zilizounganishwa kwa mistari, mfano wa wavu wa mvuvi ulioanikwa. Kila nukta ni neno. Maneno mawili yakikaribiana katika matini huchorewa mstari. Yakikutana mara nyingi, mstari hunenepa. Programu kama InfraNodus huenda mbali zaidi. Huonyesha makundi ya maneno yasiyounganishwa, kisha akili mnemba hupendekeza swali la utafiti la kuziba pengo hilo.

Je, inafaa? Wanafunzi wangu wa zamani wananiuliza hivyo, tena kwa lugha ya halali na haramu. Kwa mtazamo wangu, chombo chenyewe hakina tatizo. Watu wa elimu ya Hadithi ndio wa mwisho wanaostahiki kuogopa mchoro wa namna hii. Al-Mizzi, aliyefariki Damascus mwaka 742 Hijria (1341), aliandika Tahdhib al-Kamal, na humo kila mpokezi ametajiwa walimu wake na wanafunzi wake. Huo ni mtandao kamili, isipokuwa haukuchorwa. Na katika miaka hii yetu, mradi wa KITAB wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, London, ukiongozwa na Profesa Sarah Bowen Savant, umelinganisha kwa kompyuta maelfu ya vitabu vya Kiarabu ili kuona maneno ya kitabu kimoja yalivyohamia katika kingine.

Tatizo linaanza pale picha inapogeuzwa shahidi.

Chukua hadithi ya nia, ile ambayo Bukhari anafungulia Sahihi yake. Kutoka kwa Umar (RA) ameipokea Alqama bin Waqqas, kwake Muhammad bin Ibrahim At-Taymi, kwake Yahya bin Said Al-Ansari. Mpaka hapo ni uzi mmoja. Kwa Yahya ndipo inapofumuka, wakaipokea watu wengi sana. Ichore kwenye kompyuta utaona uzi mwembamba, halafu nukta moja kubwa inayotoa mistari pande zote. Wanazuoni wa Hadithi walikuwa na picha hiyo vichwani mwao karne nyingi zilizopita. Wakaiita hadithi gharib, na juu ya hivyo wakasema ni sahihi, kwa sababu walimchunguza kila mtu katika uzi ule: ukweli wake, hifadhi yake, alikutana na nani. Karne ya 20 akaja Joseph Schacht, na baada yake Mholanzi G.H.A. Juynboll, wakatazama michoro ya sura hiyo na kumshuku mtu wa katikati kuwa ndiye chanzo cha maneno yenyewe. Harald Motzki, naye wa Ulaya, akapinga: huenda mtu huyo ni mkusanyaji tu wa mapokezi yaliyokuwepo. Mchoro ni wa sura moja, hukumu ni tatu. Mchoro wenyewe haukutamka neno.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni. Kabla ya kuchora, programu hutupa maneno madogo yanayojirudia, maana yakibaki yataijaza picha yote. Ukitupa "ni" na "si" za Kiswahili, basi "riba ni halali" na "riba si halali" zitachora mstari ule ule kati ya riba na halali. Kwa Kiarabu, orodha za maneno ya kutupwa aghalabu zinabeba "la" na "illa". Ndugu msomaji, hebu yatoe hayo mawili katika shahada uone kinachobaki! Mtumiaji anaweza kuibadilisha orodha, ndiyo, lakini ni wangapi wanajua kuwa ipo?

Akili mnemba nayo huweza kukutajia kitabu, mwandishi na ukurasa kwa ufasaha mkubwa, na kitabu chenyewe hakipo. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa sababu ya kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Kule upande wa pili ulizitafuta kesi hizo ukazikosa. Katika tasnifu ya mwanafunzi wa kwetu, nani atatafuta?

Wanazuoni wa Hadithi walishalishughulikia jambo hili kwa adabu ya maneno. Mtu akikuta hadithi katika maandishi ya sheikh ambaye hakumsikia, aliruhusiwa kuitaja, ila aseme "nimekuta katika maandishi ya fulani". Hiyo ndiyo wijada. Hakuruhusiwa kusema "amenihadithia". Na aliyetumia neno la utatanishi ili adhaniwe alisikia mwenyewe, walimwita mudallis. Ibn Hajar aliwaandikia watu hao kitabu maalumu na kuwapanga ngazi 5. Mudallis si lazima awe mwongo. Alichosimulia chaweza kuwa kweli tupu, lakini ameficha njia.

Kijana anayeandika katika tanbihi jina la Al-Mizzi, juzuu na ukurasa, ilhali alichosoma ni muhtasari wa mashine, amefanya tadlisi hata kama ukurasa ni sahihi. Wengine hunijibu kuwa wasomi waliotangulia nao walinukuu vitabu wasivyovifungua, kupitia tanbihi za wenzao. Ni kweli, na ile nayo ilikuwa tadlisi.

Sisemi waache. Tahdhib iliyochapwa Beirut ina juzuu 35, na mwanafunzi wa mkoani atazipata wapi? Kumzuia ni kumfungia mlango uliomfungukia jana tu. Ninachomtaka ni maelezo mafupi katika sura ya mbinu za utafiti: nilitia vitabu hivi, kwa programu hii, maneno haya yalitupwa, kurasa hizi nilizisoma kwa macho yangu, na hizi sikuzisoma. Maelezo hayo yana gharama. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani ameshayaandika. Msimamizi wake amemrudishia kazi akimtaka ayafute, kwa kuwa, anasema, yanaidhoofisha tasnifu. Hajayafuta bado, na mwisho wa kukabidhi ni mwezi ujao.