Je, ni Dhambi Kumwua Mwenzako Mchezoni?



Juma lililopita tulikuwa tukijifunza amri ya tano ya Mungu. Kijana mmoja aliyerudi kutoka mjini alisimama, akaniuliza: «Mwalimu, mimi hucheza katika simu mchezo wa kupigana, pamoja na watu wa mbali nisiowajua. Kwa siku moja nawaua wengi, nao waniua mimi, kisha sote twaanza upya. Je, ninavunja amri hiyo?»

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana swali lile ni kubwa kuliko simu yake. Mungu ametupa uhuru wa kuchagua. Je, uhuru huo una mpaka mahali ambapo hakuna damu imwagikayo? Ili tujibu vema, nitawasimulia kwanza habari ya nchi moja isiyoonekana katika ramani yoyote ya dunia.

Nchi ya Britannia

Mwaka 1997, katika mji wa Austin, nchini Marekani, kampuni ya Origin Systems ilifungua mchezo wa kompyuta uitwao Ultima Online. Mwanzilishi wake alikuwa Richard Garriott. Mchezo huo haukuwa wa mtu mmoja na mashine yake tu. Maelfu ya watu, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, waliunganishwa kwa intaneti, wakaingia pamoja katika nchi ya kuwaziwa, jina lake Britannia. Kila mmoja alikuwa na mtu wake wa picha, ambaye alimtembeza, akamfanyisha kazi, akasema na wengine kwa kinywa chake. Kila mwezi walilipa karibu dola 10. Na kabla mwaka wa kwanza haujaisha, wenye kulipa walikuwa wamepita 100,000.

Katika nchi hiyo kila mtu alijichagulia kazi. Huyu alichimba chuma, yule akawa mhunzi, mwingine alishona nguo, mwingine akaenda kupigana na mazimwi mapangoni. Wenye mchezo walipenda uhuru uwe mkubwa. Kwa hiyo waliacha pia njia ya mtu kumwua mwenzake. Hata mfalme wa Britannia, aliyechezwa na Garriott mwenyewe, aliuawa kwa moto na mchezaji mmoja mbele ya raia zake, mnamo Agosti 1997, wakati mchezo ulipokuwa bado katika majaribio.

Ndani ya miji walikuwako walinzi, ambao walimwangamiza mara moja mtu aliyewapiga wengine. Nje ya miji hawakuwako. Basi wauaji walikaa njiani na karibu na machimbo. Mgeni aliyetoka kuchimba chuma chake cha kwanza alivamiwa, akauawa, na vyote alivyochukua vikanyang'anywa. Yeye mwenyewe aligeuka kivuli, akatangatanga bila kuweza kusema neno la kueleweka na walio hai, hata apate wa kumfufua.

Wenye mchezo walitafuta dawa. Waliweka alama: jina la mtu asiye na hatia lilionekana kwa rangi ya buluu, na jina la mwuaji kwa rangi nyekundu. Waliruhusu watu watoe zawadi kwa atakayeleta kichwa cha mwuaji. Raph Koster, mkuu wa wabunifu wa mchezo, alitumaini kwamba wachezaji wenyewe wangejenga ulinzi na haki yao, na wengine walijaribu kweli. Lakini mwuaji huchagua saa na mahali, naye mlinzi hawezi kuwa kila mahali. Watu wengi walichoka, wakahama mchezo.

Mwisho, mwaka 2000, nchi iligawanywa. Zikawa nchi mbili zilizofanana kwa milima, mito na miji. Ya kwanza, Felucca, ilibaki na desturi ya zamani. Katika ya pili, iitwayo Trammel, mtu hakuweza tena kumpiga mwenzake bila yeye kukubali. Wengi sana walihamia Trammel. Nao waliobaki Felucca walinung'unika, wakisema kwamba uhuru umekufa.

Uhuru wa nani?

Tuwasikilize kwanza hao walionung'unika, maana neno lao si la kipuuzi. Walisema: «Pasipo hatari hapana ushujaa. Kama mwenzangu hawezi kunidhuru, urafiki wake wanionyesha nini? Mtu asiyeweza kuiba hasifiwi kwa kutoiba.» Hilo ni kweli. Sisi nasi twafundisha hivyo. Mungu alipowaweka wazazi wetu wa kwanza bustanini, hakuuzungushia ule mti ukuta wa mawe. Aliwapa amri, akawaachia nia yao. Mungu hapendezwi na utii wa mashine.

Lakini sasa tumsikilize yule mchimbaji. Naye asema: «Mimi pia nililipa. Mimi pia nilichagua. Nilichagua kuchimba chuma na kukipeleka mjini. Mbona uchaguzi wa huyu mwenye upanga uliheshimiwa, na wa kwangu ukakanyagwa?» Hapo ndipo kosa la wauaji laonekana wazi. Waliita uhuru jambo lililokuwa nguvu tu. Siku moja ya uhuru wa mwuaji ilikula siku kumi za uhuru wa wachimbaji.

Tazameni vijana wetu wanaposhindana mieleka uwanjani. Mmoja amwangusha mwenzake mavumbini, na wote wawili wacheka. Hakuna dhambi hapo, kwa kuwa wote wawili walikubali kuingia. Lakini kijana huyohuyo akimrukia mtoto aendaye kisimani, akamwangusha, akavunja mtungi wake, kisha akasema «nilikuwa nacheza», nani atakubali? Mwendo wa mikono ni uleule. Kilichokosekana ni ukubali wa mwenziwe. Mchezo wa mmoja uliokuwa mateso kwa mwingine haukuwa mchezo.

Na sisi wa nchi hii hatuhitaji kuelezwa sana. Twawajua wachimbaji wa kweli, na njia za kweli ambazo watu huzipita kwa hofu, na watu wenye bunduki wanaojiita huru. Kifo cha mchezoni si kama vifo vile, na ni aibu kuvilinganisha. Mchimbaji wa Britannia alifufuka; wapenzi wetu twawangojea hata siku ya ufufuko. Lakini moyo waweza kujifunza kwa jambo dogo kile utakachokifanya katika jambo kubwa. Aliyezoea kuyafurahia machozi ya mtu asiyemwona, siku moja ataweza kuyatazama bila huruma machozi ya mtu aliye mbele yake.

Ukuta na moyo

Basi, je, Trammel ilikuwa nchi ya watakatifu? Sivyo. Katika michezo ya namna hii, mtu aliyenyimwa upanga huweza kutumia matusi, au kumnyang'anya mwenzake windo alilolitaabikia, au kumvutia zimwi ili limwue badala yake. Ukuta ulizuia mkono wa mwuaji, lakini haukumfanya kuwa ndugu.

Wala alama nyekundu haikumgeuza. Mnakumbuka habari ya Kaini. Alipokwisha kumwua Abeli, Mungu alimhukumu, kisha akamtia alama. Alama hiyo ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya kumkinga, ili yeyote amkutaye asimwue. Alama ya Britannia ilisema kinyume chake: huyu aweza kuuawa na kila mtu. Mungu huchukia mauaji, lakini bado humtafuta mwuaji, ili aongoke.

Wengine watauliza: «Kama ukuta hauongoi mioyo, wenye mchezo walikosea kuujenga?» Hapana, ndugu zangu. Wao si Mungu. Mungu huona moyo, naye ana milele nzima ya kumlipa aliyeonewa. Wenye kutawala watu, hata mchezoni, huona mikono tu, nao wana wajibu wa kumlinda mnyonge leo. Waliotaka hatari hawakunyimwa, maana Felucca ilibaki wazi kwa kila aliyependa kuingia. Mwuaji alinyimwa kitu kimoja tu: windo lisilotaka kuwindwa. Anayelia kwa sababu amenyimwa hilo, na ajiulize alikuwa akipenda nini.

Jibu kwa kijana wetu

Swali: Je, ni dhambi kumwua mwenzako mchezoni?

Jibu: Kumwua huko si kuua kwa kweli, na hakuvunji amri ya tano, ikiwa wote wamekubali kushindana na mmefuata sheria ya mchezo.

Swali: Ni lini basi mchezo huwa dhambi?

Jibu: Ni pale ninapotafuta kumwumiza mtu, wala si kushindana naye, ninapomwonea mgeni na mnyonge kwa kuwa hawezi kujitetea, ninapodanganya au kutukana, ninapobaki na chuki baada ya mchezo kwisha, na ninapoacha kazi, masomo na sala kwa ajili yake.

Swali: Nitaupimaje moyo wangu?

Jibu: Nitajiuliza: kama mwenzangu angekuwa ameketi hapa karibu nami, nikauona uso wake, je, ningefanya vilevile? Kwa maana nyuma ya kila mtu wa picha yupo mtu mwenye roho, aliyefanywa kwa mfano wa Mungu.

Wakatekumeni wapenzi, mwajiandaa kwa siku kubwa. Siku ya Ubatizo Padri atawauliza kama mwamkataa Shetani na kazi zake, na kama mwasadiki. Ekleziya haimbatizi mtu mzima asiyetaka. Ndiyo sababu lazima mjibu kwa vinywa vyenu wenyewe. Hapatakuwa na ukuta wa kuwazuia kusema hapana, wala mlinzi wa kuwalazimisha kusema ndiyo. Jizoezeni basi tangu leo, kazini, njiani, hata mchezoni, kuutumia uhuru wenu katika mapendo, ili neno mtakalolisema siku ile mbele ya Yezu Kristu liwe ni neno la watu walio huru kweli.