Kwa Mwendo wa Watoto

Muhtasari wa mahubiri ya Jumapili
Neno: Mwanzo 33:12–17, 35:16–20, Isaya 40:11

Jumapili iliyopita tulisoma habari za familia nzima ikiwa njiani: baba, kina mama, watoto na mifugo. Yakobo anarudi nyumbani baada ya miaka 20 kwa mjomba wake Labani. Amekutana na Esau, ndugu aliyemkimbia, wamekumbatiana na kulia. Esau ana wanaume 400, na anasema waondoke pamoja, yeye atangulie.

Yakobo anakataa kwa adabu. Anamweleza kwamba watoto bado ni wadogo, kwamba mifugo inanyonyesha, na ikikimbizwa hata siku moja tu kundi lote litakufa. Esau atangulie. Yeye atakuja polepole, kwa mwendo wa wanyama na wa watoto. (Ni kweli baadaye hakufika Seiri alikosema ataenda. Hilo ni somo la siku nyingine.)

Mwambie jirani yako: mwendo wa watoto!

1. Aliye dhaifu ndiye anayeamua mwendo

Shule zikifungwa, wengi wetu hapa Kiamunyi tunaelekea ushago. Tuseme familia moja inakwenda Eldoret kuwaona wazee kabla mtoto mpya hajazaliwa. Mama ni mzito, watoto wawili wako nyuma, na Simba, mbwa wa nyumbani, yuko kwenye buti kwa sababu watoto wamekataa katakata kumwacha. Ni kilomita kama 150. Baba anataka kufika kabla ya saa sita. Kufika Mau Summit, mama anasema, "Baba watoto, tusimame kidogo." Baba anajibu, "Vumilia mama, tunakaribia."

Wapendwa, huyo ni Esau yuko kwenye usukani!

Mama mjamzito haombi kusimama kwa kudeka. Wakati wa mimba damu huganda kwa urahisi zaidi, na kukaa muda mrefu bila kunyoosha miguu kunaongeza hatari hiyo. Ndiyo maana wauguzi humshauri asimame kila baada ya saa mbili hivi, atembee kidogo na anywe maji. Mshipi wa gari aufunge, lakini ule wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, na ule wa juu upite katikati ya matiti. Kabla ya safari aulize kliniki kama anaruhusiwa, na kitabu cha kliniki kiwe ndani ya mkoba wake. Baba, hayo ni sehemu ya huduma yako kama kuhani wa nyumba.

Tena mtazame Yakobo mwenyewe. Asubuhi ile alikuwa anachechemea, maana usiku alishindana na Mungu akaguswa uvungu wa paja. Mtu aliyeguswa na Mungu hana haraka ya kuonyesha nguvu zake. Anajua kuchechemea, kwa hiyo anawaelewa wanaochechemea.

2. Hata mnyama yumo kwenye hesabu

Yakobo hakutaja watoto peke yao. Alitaja na wanyama. Na alipofika Sukothi alijijengea nyumba, akawajengea mifugo vibanda, hata mahali pale pakaitwa jina la vibanda hivyo. Fikiria: jina la mji limetokana na makao ya wanyama! Mithali 12:10 inasema mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake.

Kwa hiyo Simba usimfungie kwenye gari juani huku nyinyi mnakula chakula. Gari lililofungwa huwa tanuri kwa dakika chache. Mpe maji, asiwe miguuni pa dereva, na awe amepata chanjo ya kichaa cha mbwa, hasa mtoto mchanga akitarajiwa nyumbani. Na kama atabaki, mwachie jirani chakula chake, usimwache na mnyororo tu. Watoto wanatazama. Jinsi baba anavyomtendea mbwa asiyeweza kusema, ndivyo wanavyojifunza jinsi mwenye nguvu anavyomtendea mnyonge. Kesho watamtendea hivyo mtoto mchanga.

3. Polepole si kukosa imani

Wako watu wanaofunika gari kwa damu ya Yesu pale getini, halafu wakifika Sachang'wan wanaovateki trela kwenye kona. Hiyo si imani. Shetani alimwambia Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu, Yesu akajibu kwamba Mungu hajaribiwi.

Barabara hii tunaijua. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, pale Migaa karibu na Salgaa, basi na lori viligongana na watu 36 wakafa, siku moja kabla ya mwaka mpya. Nyumba nyingi zilikuwa zinamngoja mtu. Tukiomba ulinzi wa Bwana, na mguu ulioko kwenye mafuta nao uombe!

4. Na kama njia ikileta kilio?

Hapa ndipo kanisa lilinyamaza Jumapili, na ni vizuri tukanyamaza. Sura mbili mbele, Yakobo yuko njiani tena, na Raheli ni mjamzito. Karibu na Efratha uchungu unamshika, unakuwa mgumu. Mtoto anazaliwa, mama anafariki. Yakobo anasimamisha nguzo juu ya kaburi kando ya njia.

Biblia haisemi Yakobo alikimbiza msafara. Haisemi alikosa imani. Yule yule aliyejua kwenda polepole alimzika mkewe barabarani. Basi ukimwona ndugu aliyefiwa na mke au mtoto wakati wa kujifungua, usimwambie hakuomba vya kutosha. Keti naye. Yakobo hakumwacha mtoto na jina la huzuni. Alimwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume.

Tunakwenda polepole kwa sababu ndivyo Mungu wetu anavyotuongoza, si kwa sababu tumeahidiwa kwamba hakuna baya litakalotokea. Isaya 40:11 inamwonyesha Bwana kama mchungaji anayebeba wana-kondoo kifuani na kuwaongoza taratibu wale wanyonyeshao. Mungu mwenye nguvu zote amekubali mwendo wetu! Angetukimbiza siku moja tu, nani angebaki?

Baba, wiki hii muulize mke wako, "Mama, mwendo huu unakufaa?" Kiongozi wa kikundi cha nyumbani, mtazame aliyeokoka juzi ambaye bado anatambaa. Na wewe uliyechoka, unayeona wenzako wote wametangulia na Esau: Mchungaji hajatangulia nao. Yuko nyuma hapa, pamoja nawe.

Tuombe: Bwana Yesu, tunakukabidhi safari zetu na wajawazito wetu. Wafariji waliozika njiani. Tufundishe mwendo wako, tufike pamoja. Amina.