Dhima ya Anayesema "Nimepokea"

Mwislamu anayeandika programu za malipo hana ruhusa ya kuiacha programu yake iseme "nimepokea" kabla haijahifadhi kitu. Huo ndio msimamo wangu, na nimeutetea mara nyingi hapa Dodoma, ofisini na kwenye baraza la msikiti baada ya Alasiri. Wako wanaoniambia nalikuza jambo dogo la mitambo. Mimi naliona ni jambo la amana.

Nieleze kazi yenyewe. Mama wa Nzuguni analipa bili yake ya maji kwa simu, kwa kontroo namba. Malipo ya namna hiyo hupita GePG, mfumo wa Wizara ya Fedha wa kukusanyia malipo ya Serikali ulioanza kutumika 2017. Taasisi inayodai huletewa taarifa yenye muundo maalumu wa XML: kontroo namba, kiasi, tarehe, namba ya risiti, pamoja na saini ya kidijitali ya kuthibitisha kwamba hakuna aliyeichezea njiani. Sisi taarifa hiyo tunaiweka kwenye foleni ya RabbitMQ. Programu ya Java inaitoa foleni, inaifungua, inakagua saini, kisha inaandika kwenye hifadhidata kwamba deni limelipwa.

Swali liko hapa: programu ikiri kupokea saa ngapi? Ukiwasha autoAck, RabbitMQ inahesabu ujumbe umefika mara tu inapoutuma, na haiushiki tena. Umeme ukikatika wakati huo, au hifadhidata ikigoma, ujumbe haupo popote. Njia nyingine ni programu yenyewe kuita basicAck baada ya kumaliza kuandika. Ikifa katikati, RabbitMQ inaurudisha ujumbe foleni na kuutoa upya. Malipo yaleyale yanaweza basi kuletwa mara mbili, kwa hiyo namba ya risiti iwe ya kipekee kwenye jedwali, ili ya pili ikija isiandikwe tena. Kazi inaongezeka na mwendo unapungua kidogo, ndiyo maana wengine wanaona afadhali ile ya kwanza.

Katika fikihi, aliyewekewa amana halipi ikipotea bila kosa lake. Hulipa akizembea au akivuka mpaka. Mwenzangu mmoja alinibana hapohapo: "Kaka, umeme ukikatika ni kadari. Uzembe wangu uko wapi?" Nikamjibu kwamba kukatika kwa umeme ni kadari kweli, lakini kuchagua njia inayopoteza ujumbe umeme ukikatika, ilhali unajua umeme hukatika, ni uamuzi wako mwenyewe. Wala asijifiche mtu nyuma ya mashine. Mashine haina akili wala baleghe, haibebi dhima yoyote. Dhima inamrudia aliyeandika, na bosi aliyeidhinisha huku akijua.

Nililipeleka swali hili kwa sheikh wangu wa Chang'ombe, mzee ambaye hajawahi kuandika programu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mwanangu, mwenye amana ni nani hapo?"

"Ni taasisi, Sheikh. Fedha ni zake."

"Fedha zimeshafika benki, hazijapotea. Wewe umewekewa ushahidi wa yule mama kwamba amelipa."

Jibu hilo lilinifungua macho. Nilikuwa nahesabu shilingi, kumbe kinachopita mikononi mwetu ni ushahidi, na Kurani imekataza kuuficha ushahidi. Ujumbe wake ukipotea kwetu, mama anabaki mdaiwa kwenye kompyuta. Atakatiwa maji naye amelipa, na itambidi apange foleni dirishani na simu mkononi, akitafuta meseji ya kumtetea.

Kuna na ujumbe usiosomeka, mathalani kiasi kimekuja na herufi mahali pa tarakimu. Spring, fremuweki ya kuandikia programu za Java, kwa mpangilio wake wa kawaida ikishindwa kuugeuza ujumbe wa RabbitMQ huukataa bila kuurudisha foleni, na kama hukuandaa foleni ya pembeni ya kuupokea, umetupwa. Mimi hapo naifuata hukumu ya mali iliyookotwa, ambayo sheria inataka itunzwe na kutangazwa mwaka mzima. Uwekwe pembeni ulivyo, na mtu aamshwe ausome. Kutoelewa kilichoandikwa hakukupi haki ya kukitupa.

Mtume Muhammad (SAW) alipohama Makka mwaka 622, watu wa mji uleule uliokuwa ukipanga kumuua walikuwa wameweka amana zao kwake. Alimwacha Ali nyuma azirudishe kwa wenyewe, katika usiku ambao kubaki Makka kulikuwa hatari kwa roho. Sisi tunaombwa kupoteza kasi kidogo tu ya foleni.

Wenzangu mnaoandika Java, hapa Dodoma na kwingineko, fungueni msimbo wenu muutafute mstari wa kukiri. Ukiwa juu ya mstari wa kuhifadhi, ushusheni leo, kabla bili za mwezi huu hazijaanza kulipwa.